Kiti cha Kuogea Kinachoinama: Kipimo Kitangulie Malipo

Mtu aliyeumia uti wa mgongo katika ajali ya bodaboda, aliyeanguka kutoka juu ya mnazi, au aliyepatwa na kiharusi kikali, hutoka hospitali akiwa na dawa, tarehe ya kurudi kliniki na, familia ikijaliwa, kiti cha magurudumu. Mara nyingi kuna swali moja ambalo halikuulizwa wodini: kesho asubuhi ataogea wapi, na atajisaidia vipi? Swali hilo huachiwa mke, mume, binti au mjukuu, nao hulijibu kwa kadiri ya nguvu na akili zao.

Wapo wanaomwosha mgonjwa kitandani kwa beseni na kitambaa. Wapo wanaombeba watu wawili, mmoja makwapani na mwingine magotini, hadi kwenye bafu lenye sakafu ya utelezi. Wapo wanaotoboa kiti cha plastiki katikati na kuweka ndoo chini yake. Familia hizo hazistahili lawama, kwani zimefanya kazi ambayo hazikufundishwa. Hata hivyo, njia hizo zina gharama. Kiti cha plastiki kilichotobolewa hupoteza nguvu, miguu yake hutanuka, na kingo za tundu huchana ngozi isiyohisi maumivu. Kumbeba mtu mzima kila siku huumiza mgongo wa mbebaji, na kumburuta juu ya kitanda huchubua makalio ya mbebwaji. Kuna pia gharama isiyoonekana: mgonjwa anayeona aibu kusumbua watu hupunguza kunywa maji na kula, akakaribisha choo kigumu na maambukizi ya njia ya mkojo. Baba mzima asiyetaka kuoshwa na mkwewe anaweza kukaa siku kadhaa bila kuoga, akaitwa mkaidi, ilhali anachokitetea ni sitara yake.

Hoja ya makala haya ni kwamba kiti cha kuogea na kujisaidia ni kifaa tiba kama kilivyo kiungo bandia, na chapaswa kuchaguliwa kwa kipimo kabla mgonjwa hajaruhusiwa kwenda nyumbani. Hoja hii ina uzito zaidi kwa aina moja ya kiti hicho, yaani kile kinachoinama kwa nyuma. Kikichaguliwa vyema humrejeshea mtu heshima na kuilinda ngozi yake. Kikinunuliwa kwa kutazama picha tu, huenda kikaishia stoo, au kikaleta kidonda ambacho familia ilidhani inakikwepa.

Kuinama na kulala si jambo moja

Kiti cha kuogea kinachoinama huwa na tundu katikati ya kikalio, magurudumu manne yenye breki, egemeo refu la mgongo, tegemeo la kichwa na vikanyagio vya miguu. Sifa yake kuu ni kwamba kikalio na egemeo huinama pamoja kuelekea nyuma, kama kiti cha bembea kinavyofanya, bila kubadili pembe iliyopo kati ya kiwiliwili na mapaja. Aliyeketi hubaki katika umbo lilelile la kukaa. Kinachobadilika ni mwelekeo wa uzito wake, ambao sehemu yake huhama kutoka makalioni kwenda mgongoni.

Viti vingine hulaza egemeo la mgongo peke yake huku kikalio kikibaki mahali pake. Kwa macho ya mnunuzi tofauti hiyo ni ndogo, lakini kwa ngozi ni kubwa. Egemeo linapolazwa peke yake, mgongo huteleza juu yake na makalio husukumwa mbele. Ngozi hubaki imeng'ang'ania kiti ilhali mfupa ulio ndani unasogea, na mishipa midogo ya damu iliyo baina yake huvutwa na kuzibika. Huo ni mojawapo ya mianzo ya vidonda vya mgandamizo, vile ambavyo watu wengi huviita vidonda vya kulalia. Kwa hiyo swali la kwanza kumwuliza muuzaji ni hili: je, kikalio huinama pamoja na mgongo, au mgongo hulala peke yake?

Kiasi cha kuinama nacho kina maana. Nyuzi 10 au 15 husaidia kumweka mtu sawa ili asiteleze mbele na ili kichwa kisimwangukie kifuani, lakini haziondoi mzigo wa kutosha makalioni. Ili ngozi ya makalio ipate nafuu ya kweli huhitajika pembe kubwa zaidi, nyuzi 30 na kuendelea. Kiti kinachoinama kidogo tu si kibovu. Kina kazi yake. Kosa ni kukinunua kwa matumaini ya kuzuia vidonda.

Nani anakihitaji

Si kila mtu mwenye udhaifu wa viungo anahitaji kiti hiki. Mzee anayetembea kwa mkongojo, au kijana aliyepooza miguu lakini mwenye mikono na kifua chenye nguvu, huenda akafaidika zaidi na kiti chepesi kisichoinama. Karibu viti vyote vinavyoinama huwa na magurudumu madogo na husukumwa na mtu mwingine. Kumpa kijana huyo kiti cha aina hiyo ni kumpokonya uwezo wa kujiendesha mwenyewe hadi bafuni na kufunga mlango nyuma yake. Kifaa chenye mambo mengi kikiwekwa pasipostahili humwongezea mtu utegemezi.

Wanaokihitaji ni wale wasioweza kukaa wima bila kushikiliwa: aliyeumia uti wa mgongo shingoni, aliyepata kiharusi kilichompotezea udhibiti wa kiwiliwili, mtoto mkubwa mwenye mtindio wa ubongo ambaye misuli yake hukakamaa ghafla na kumsukuma nje ya kiti, au mgonjwa ambaye ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaendelea kumdhoofisha. Wamo pia wale ambao shinikizo la damu hushuka wanapoketishwa, wakaona giza na kuzimia.

Dalili iliyo rahisi kwa familia ni kumtazama mgonjwa akiwa ameketi kwenye kiti cha kawaida kwa dakika kumi. Ikiwa anateleza mbele, anaangukia upande mmoja, kichwa kinalala kifuani, au mwuguzaji hawezi kumwachia hata mkono mmoja ili achukue kopo la maji, basi kiti kisichoinama hakitamtosha.

Vipimo vya mwili

Futi kamba ya fundi cherehani yatosha kuanzia kazi. Upimwe upana wa nyonga mahali palipo panapana zaidi, mgonjwa akiwa ameketi, kisha ziongezwe sentimita mbili au tatu. Kiti kipana mno humfanya aegemee upande mmoja. Kiti chembamba hubana mapaja. Urefu wa paja upimwe kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, kisha zipunguzwe sentimita tatu hadi tano ili ukingo wa kiti usikandamize mishipa ya nyuma ya goti. Urefu wa mguu upimwe kutoka nyuma ya goti hadi kisiginoni, kwani vikanyagio vikiwa chini mno miguu huning'inia na kumvuta mtu mbele, na vikiwa juu mno uzito wote huhamia makalioni. Egemeo la mgongo lifike mabegani na tegemeo la kichwa liweze kurekebishwa, kwa sababu kiti kinapoinama shingo isiyo na nguvu haina pengine pa kutua. Uzito wa mgonjwa nao ulinganishwe na kikomo kilichoandikwa kwenye kiti.

Tundu la kikalio hustahili uangalifu wa pekee. Mifupa miwili ya makalio, ile ambayo mtu huikalia, sharti itue juu ya kikalio na si ndani ya tundu. Tundu likiwa kubwa mno nyonga huzama, mapaja hugeukia ndani, na ngozi inayozunguka njia ya haja huvutika. Likiwa dogo mno, usafi hauwezekani. Mwanya wa tundu unaweza kuwa mbele, nyuma au ubavuni, na uchaguzi wake hutegemea mkono utakaotumika. Katika nyumba ambamo watu hutawaza kwa maji, mwanya wa ubavuni ulio upande wa mkono unaosafisha hurahisisha kazi, na humwezesha mwenye nguvu kidogo mkononi kujisafisha mwenyewe. Kwa Mwislamu anayetaka kuswali akiwa tohara, jambo hili lina uzito wa ibada, na mtaalamu anayeulizia mahitaji ya mgonjwa hapaswi kulipuuza.

Kikalio kiwe na sponji laini lililofungwa kabisa lisilonyonya maji. Kitambaa kilichoshonwa juu ya sponji la kawaida hufyonza maji na mkojo, kikaoza na kuhifadhi vijidudu. Mto wa umbo la pete haufai, kwa kuwa hukandamiza ngozi kuzunguka duara na kuinyima damu sehemu iliyo katikati.

Baada ya vipimo hufuata jaribio. Mgonjwa aketishwe bila maji kwa muda wa dakika 15, kisha ngozi ya makalio, mkia wa uti wa mgongo na visigino ikaguliwe. Vitabu vingi hueleza wekundu usiotoweka kuwa ndiyo dalili ya hatari, lakini katika ngozi nyeusi wekundu huo huenda usionekane. Mkaguzi atafute mahali palipokolea weusi kuliko ngozi jirani, penye joto, palipokuwa pagumu au panapong'aa. Alama ikidumu zaidi ya nusu saa, kiti hicho, au namna ya kukikalia, inahitaji kurekebishwa kabla ya fedha kulipwa.

Vipimo vya nyumba

Mwili ukishapimwa, ni zamu ya mlango. Bafu nyingi zina milango myembamba kuliko vyumba vya kulala, na kiti kilichonunuliwa kwa fedha nyingi kinaweza kukwama kwenye fremu kwa tofauti ya sentimita mbili. Kipimwe kipenyo kilicho wazi mlango ukiwa umefunguliwa, kwani unene wa mlango wenyewe hula nafasi. Sentimita 80 ni kadirio jema. Kiti nacho kipimwe kikiwa kimeinamishwa hadi mwisho, kwa sababu kichwa na miguu ya aliyeketi huchukua nafasi zaidi, na mwuguzaji lazima apate pa kusimama.

Magurudumu madogo yaliyotengenezwa kwa sakafu ya vigae hayapiti mchangani wala hayavuki kizingiti. Choo kikiwa uani, njia ya kukifikia hulazimu kusakafiwa. Penye kizingiti, mteremko ufuate kanuni ya kipimo kimoja kwa kumi na viwili: kizingiti cha sentimita 10 kinahitaji mteremko wa sentimita 120. Mteremko mfupi kuliko huo ni mtego kwa anayesukuma kiti kilicholowa.

Kiti kitakachosogezwa juu ya choo cha kukalia kilinganishwe na kimo cha choo hicho, ili fremu isigonge. Choo cha kuchuchumaa kina faida ambayo haisemwi sana: hakina kitu cha kugonga. Ila kiti huwa juu mno ya tundu la sakafuni, hivyo ndoo inayochomekwa chini ya kikalio huhitajika ili uchafu usitawanyike.

Ikiwa bafu halirekebishiki, si lazima mpango ufe. Eneo dogo la uani lililosakafiwa kwa saruji, lenye mteremko mdogo wa kupitisha maji, lililozungushiwa mabati au makuti na kuezekwa, laweza kuwa bafu bora kuliko chumba chembamba chenye vigae vya utelezi. Fundi mwashi hulijenga kwa siku chache. Muhimu ni kwamba uamuzi huo ufanyike kabla ya kununua kiti, kwani ndio unaoeleza kiti cha ukubwa gani kitafaa.

Chuma, chumvi na fundi

Katika miji ya pwani kama Dar es Salaam, Tanga na Zanzibar, hewa yenye chumvi hula chuma cha kawaida, na maji ya visima yenye chumvi huongeza kasi hiyo. Fremu ya alumini au ya chuma kisichoshika kutu hugharimu zaidi siku ya kwanza, lakini rangi iliyopakwa juu ya chuma cha kawaida ikishachunika, kutu huanzia ndani ya mabomba pasipoonekana. Viungo vya kuinamisha kiti na breki za magurudumu ndivyo huharibika mapema. Mnunuzi aulize iwapo vipuri vyake vyapatikana nchini.

Mafundi wa kuchomelea wa mitaani wana ustadi ambao haupaswi kudharauliwa. Wengi wanaweza kutengeneza kiti imara kisichoinama, kwa vipimo vya mgonjwa, kwa bei ambayo familia inaimudu. Mtambo wa kuinamisha ni jambo jingine. Kiti kinapoinama, kitovu cha uzito huhamia nyuma, na kama magurudumu ya nyuma hayakutanguliwa kuwekwa mbali vya kutosha, kiti hupinduka pamoja na aliyeketi. Pasipo mtaalamu wa kusimamia kazi hiyo, ni salama zaidi kutengeneza kiti kisichobadilika, chenye kitako kipana na mlalo mdogo wa kudumu kwa nyuma, kuliko kubahatisha bawaba na springi.

Kuinamisha kwa adabu na kwa maarifa

Kiti chema hutumiwa vibaya ikiwa mwuguzaji hakufundishwa. Mgonjwa aambiwe kabla ya kuinamishwa: "Baba, sasa ninakulaza nyuma kidogo," kwa kuwa mwili unaoondolewa mizani bila taarifa hushtuka na kukakamaa. Breki zote nne zifungwe. Maji yapimwe kwa kiwiko cha mwuguzaji kabla hayajamwagwa mwilini, kwani asiyehisi joto huungua bila kulia. Afunikwe kanga au taulo sehemu ambazo haziogeshwi wakati huo. Wakati wa kujisaidia aketishwe karibu na wima, maana uzito wa mwili husaidia haja kushuka. Kuinamishwa ni kwa ajili ya kuoshwa na kupumzisha makalio. Asiachwe kwenye tundu kwa muda mrefu. Wapo wenye jeraha la uti wa mgongo ambao ratiba yao ya choo huchukua nusu saa au zaidi. Hao wainamishwe mara kwa mara katikati ya shughuli hiyo.

Kuna hali mbili zinazotofautiana ambazo kila mwuguzaji sharti azitambue. Ya kwanza ni shinikizo la damu kushuka: mgonjwa huona giza, hutoka jasho baridi na kulegea. Huyu ainamishwe nyuma mara moja, miguu ikiinuka. Ya pili humpata aliyeumia uti wa mgongo katika pingili ya sita ya kifua au juu yake. Kibofu kikijaa, au choo kigumu kikichokonolewa, shinikizo lake hupanda ghafla. Kichwa humuuma kama kinapasuka, uso huvuja jasho na vinyweleo husimama. Huyu asilazwe hata kidogo. Akalishwe wima, miguu ishushwe, nguo zinazobana zilegezwe, mpira wa mkojo ukaguliwe kama umejikunja, na kichocheo chochote kisitishwe. Hali isipotulia upesi, apelekwe hospitali bila kuchelewa, kwani inaweza kusababisha damu kuvuja ubongoni. Kiti kilekile kinachomwokoa wa kwanza kinaweza kumdhuru wa pili, na kwa sababu hiyo haifai kifaa hiki kikabidhiwe bila mafunzo.

Wajibu ni wa nani

Shirika la Afya Duniani liliviweka viti vya kuogea na kujisaidia katika orodha yake ya mwaka 2016 ya vifaa saidizi 50 vya kipaumbele. Miongozo yake ya mwaka 2008 kuhusu viti vya magurudumu katika mazingira yenye rasilimali chache ilieleza hatua nane, kuanzia rufaa na tathmini hadi mafunzo ya mtumiaji na ufuatiliaji. Hakuna sababu ya kitaalamu inayofanya kiti cha magurudumu kistahili hatua hizo na kiti cha kuogea kisistahili. Aliyeketi ni yuleyule, ngozi yake ni ileile, na bafuni huwa uchi, amelowa, juu ya sakafu ya utelezi.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Nchi inao wataalamu wa fiziotherapia na wa tiba kazi, na mjini Moshi kimekuwapo tangu mwaka 1981 chuo cha kufundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa tiba mifupa, ambacho kimepokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Msingi upo. Kinachokosekana ni desturi ya kuuliza.

Litasemwa kwamba viti hivi ni ghali na kwamba wodi zina mahitaji makubwa zaidi. Kuhusu bei, hilo ni kweli, na ni sababu zaidi ya kupima, kwa kuwa familia yenye fedha za kiti kimoja haina fedha za kukosea. Kuhusu wodi, kidonda kikubwa cha mgandamizo humrudisha mgonjwa kitandani kwa miezi, kwa usafishaji, dawa na pengine upasuaji. Wodi isiyokuwa na dakika 20 za kuuliza kuhusu bafu itatumia majuma mengi kutibu matokeo yake. Aidha, wakati huu ambapo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inahitaji kufafanuliwa kwa vitendo, wataalamu wa utengamao wanayo kila haki ya kudai kwamba vifaa vya kuogea na kujisaidia vizingatiwe katika mafao.

Hata kabla ya bima na bajeti, lipo ambalo kila hospitali inaweza kulianza bila fedha. Fomu ya kumruhusu mgonjwa asiyeweza kukaa au kusimama peke yake iongezewe mistari michache: mlango wa bafu una upana gani, choo ni cha kukalia au cha kuchuchumaa, njia ya kukifikia ikoje, nani atamwogesha, na je, mgonjwa mwenyewe amemridhia mtu huyo? Ndugu mmoja atumwe nyumbani na futi kamba, arudi na majibu, na mwuguzaji aliyeteuliwa afundishwe wodini kabla ya siku ya kuondoka. Pale ambapo majibu yanaonyesha kuwa kiti kinachoinama kinahitajika, kiandikwe kwa vipimo kamili kama inavyoandikwa dawa kwa dozi, ili ndugu anayekwenda dukani au kwa fundi asiende mikono mitupu.